Daka, Ndani na Sabule: Nyumba ya Makumbusho ya Lamu na Msamiati Wake

Mgeni afikaye Lamu kwa ajili ya historia aghalabu huelekezwa kwanza kwenye jumba la ufuoni, lililokuwa makao ya watawala wa kikoloni na kugeuzwa makumbusho mapema katika miaka ya 1970. Humo ndimo siwa za Pate na Lamu, moja ya pembe na moja ya shaba, zilimopata kuonyeshwa, na haishangazi kwamba macho ya wengi huishia hapo. Lakini nyuma ya Usita wa Mui, katika vichochoro vya mtaa wa mawe, kuna nyumba nyingine, ndogo na isiyo na fahari ya siwa. Ni nyumba ya karne ya 18 ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliikarabati na kuitandika vyombo vya kale. Kwa mwanafunzi wa lugha, hii ya pili ndiyo yenye hazina kubwa zaidi.

Nyumba hizi zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba haukuamuliwa na matakwa ya mwenye nyumba bali na urefu wa boriti; ni nadra ukuta na ukuta kuachana kwa zaidi ya mita 3. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, vimelala sambamba, kimoja nyuma ya kingine. Mgeni hupokelewa katika daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye vibaraza pande mbili. Akiruhusiwa kupita huingia tekani, kipito kilichopindishwa ili jicho la njiani lisifike kwa watu wa nyumba. Hufuata kiwanda, yaani ua lisilo paa, kisha msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho ndani. Sakafu huinuka kidogo kila mtu apitapo kutoka kimoja hadi kingine, na mwanga hupungua. Nyuma kabisa kuna nyumba ya kati, ambamo wanawake walijifungua na maiti walioshwa.

Jina la chumba kile cha ndani lastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili cha kila siku neno hilo huonyesha mahali tu, na hudai kitu kingine cha kulikamilisha: ndani ya sanduku, ndani ya mji. Katika nyumba ya Lamu limesimama peke yake likawa jina kamili la chumba, chumba cha mke, ambacho ukuta wake wa nyuma ulipambwa kwa zidaka za plasta iliyochongwa. Nyumba yenyewe, kwa desturi ya waungwana, mara nyingi ilikuwa ya mwanamke. Baba alimpa binti nyumba au ghorofa siku ya ndoa yake, na mume ndiye aliyehamia. Binti wakiwa wengi, nyumba ilipanda juu, au ilivuka njia kwa wikio, chumba kilichojengwa kama daraja juu ya kichochoro ili jamaa wa kike watembeleane bila kutoka nje.

Sabule nayo ina kisa chake. Leo, Nairobi au Dar es Salaam, sebule ni mahali familia inapokaa pamoja jioni. Katika nyumba ya Lamu, sabule kilikuwa chumba cha mgeni, chenye ngazi yake inayoanzia karibu na daka, ili alale na kuondoka pasipo kukanyaga msana. Neno lililomtenga mgeni na familia limekuwa neno la kuwakutanisha. Mabadiliko ya maana kama haya ni magumu kuyaelewa kwa kamusi peke yake. Yaeleweka papo hapo mtu asimamapo kwenye ngazi ile.

Daka, kwa upande wake, lina maana zaidi ya moja. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoyaeleza katika Al-Inkishafi majumba ya Pate yaliyoanguka, aliita madaka yale matundu ya ukutani yaliyowekwa sahani, ambayo sasa yamekuwa malazi ya makinda ya ndege. Ukumbi wa mlangoni na tundu la ukutani vyote viwili ni uwazi ulioachwa katika ujenzi, na umbo la udogo, kidaka au zidaka kwa wingi wa Kiamu, limebaki kwa matundu. Msomaji wa utenzi huo asiyejua nyumba hizi aweza kudhani ndege wamelala barazani. Katika miaka ya 1980 Linda Donley alieleza kwamba zidaka na sahani zake hazikuwa pambo tu, bali pia kinga dhidi ya jicho la husuda. Hoja hiyo imejadiliwa sana, lakini angalau yatukumbusha kwamba mshairi hakuchagua sahani ovyo.

Yafaa ikumbukwe kwamba mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikakieneza kwa vitabu vya shule. Tini na yuu zikawa chini na juu. Zidaka zikawa vidaka. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa yake ya elimu, na si haki kuulaumu kwa kila kilichopotea. Lakini msamiati wa ujenzi wa Kiamu haukuwa na mahali pa kwenda, kwani shule haikufundisha nyumba za namna hiyo. Ulibaki vinywani mwa mafundi na wanawake wazee, na katika vitabu vichache, hasa uchunguzi wa Usam Ghaidan wa 1975.

Hata hivyo, msamiati huu ni wa wenye nyumba. Katika majumba ya ghorofa, familia ilikaa juu. Orofa ya chini ilikuwa ya bohari na ya watumwa. Kiti cha enzi, kitanda na vyombo vya jikoni vilivyotandikwa katika makumbusho vyaonyesha maisha ya aliyekaa, si ya aliyesimama. Birika lipo, tena na simulizi yake nzuri ya samaki waliowekwa humo wale viluwiluwi vya mbu, lakini aliyelijaza maji hayupo. Mbuzi ya nazi yaonekana kama pambo, ilhali ilichosha mikono ya mtu. Waliokata mikoko na kuchoma matumbawe kuwa chokaa nao walikuwa na maneno ya kazi yao, na hayo ndiyo yaliyoandikwa kidogo zaidi. Utumwa ulipokomeshwa kisheria mwaka 1907, mashamba ya bara yalikosa wafanyakazi, utajiri wa waungwana ukapungua, na nyumba nyingi za mawe zikakosa wa kuzipaka chokaa. Ukarabati unaoisahau sababu hiyo huweza kumfanya mtazamaji aamini kwamba kuta zilichakaa kwa umri tu.

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na sheria za kuulinda huzungumza juu ya kuta, milango na urefu wa majengo. Wakati huohuo nyumba kadhaa za mtaa wa mawe zimenunuliwa na wageni tangu miaka ya 1970, na nyingine zimekuwa nyumba za kulala watalii. Plasta hutengenezwa upya, mara nyingine kwa ustadi mkubwa, na zidaka huwekewa taa. Chumba juu ya kichochoro kilichounganisha nyumba ya mama na ya binti huweza leo kuwa mali ya upande mmoja tu, mlango wa pili ukazibwa kwa mawe, na chini yake watu wakapita kwenda Usita wa Mui bila kuwa na haja ya kukiita wikio.