Tango: Ngoma Iliyofutwa na Watatu Walioirudisha

Siku moja tuliandika ubaoni neno moja tu: TANGO. Tukawauliza wanafunzi wetu wa mwaka wa tano wa sekondari maana yake. Wa kwanza alijibu haraka: «Mwalimu, ni ile ya kukata-kata pamoja na nyanya.» Wa pili akamkatalia: «Hapana, ile iko Lingala. Tango ni wakati.» Wa tatu akacheka: «Ni dansi ya bazungu. Mwanaume na mwanamuke banashikana, banatembea sawa paka.»

Wote watatu walikuwa na haki. Lakini katika darasa zima hakuna aliyesema kwamba dansi ile ya wazungu ina jambo na sisi watu wa Kongo. Hatukuwalaumu. Sisi wenyewe, katika masomo yetu yote, hatukufundishwa hivyo. Ndiyo sababu tumeamua kuandika kurasa hizi. Tunataka kueleza historia ya muziki ambao baadhi ya wazazi wake walifutwa jina, na habari ya wapiga muziki watatu waliojaribu kulirudisha. Mwishoni tutarudi hapa Goma, kwa sababu jambo hili linatugusa kuliko tunavyofikiri.

1. Watu waliovuka bahari

Kila mwanafunzi anajua kwamba watumwa walipelekwa Brazili, Kuba na Marekani. Wachache wanajua kwamba wengi walipelekwa pia kusini zaidi, kwenye mto mkubwa uitwao Río de la Plata, mahali ilipo miji miwili ya bandari: Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, na Montevideo, mji mkuu wa Uruguay. Watu hao wengi walipandishwa meli kwenye pwani ya Kongo na Angola. Wengine walitoka Msumbiji, yaani upande wetu wa Bahari ya Hindi. Wengine tena walipitia kwanza Brazili.

Hawakuwa wachache. Hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 1778 katika mji wa Buenos Aires ilikuta watu 24.363. Kati yao, watu weusi na machotara walikuwa 7.236. Maana yake, karibu mtu mmoja kwa kila watatu au wanne uliokutana nao njiani alikuwa na damu ya Afrika. Ndio waliopika, waliofua nguo, waliooka mikate, waliojenga nyumba na kunyonyesha watoto wa mabwana.

Watu hawa walijipanga katika vyama walivyoviita «mataifa»: taifa la Kongo, taifa la Benguela, taifa la Kabinda, taifa la Msumbiji na mengine. Kila chama kilikuwa na viongozi wake, kilizika wafu wake, kiliweka pesa pamoja ili kumkomboa mtumwa, na siku za sikukuu kilipiga ngoma. Msomaji anayejua vyama vyetu vya kusaidiana hapa mjini, pamoja na likelemba na michango ya matanga, hatashangaa. Mtu aliye mbali na kwao anatafuta kwanza watu wa kumzika, kisha watu wa kucheza nao.

2. Ngoma, milonga na tango

Ngoma ile iliitwa candombe. Ilipigwa kwa mikono na vijiti, watu wakiandamana kwa mstari, pamoja na mfalme na malkia wao wa sikukuu. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika maandishi ya wakati ule, neno «tango» au «tambo» lilitumika kutaja mahali ambapo watu weusi walikusanyika kucheza. Wakubwa wa mji walilalamika kwamba kelele zimezidi na watumwa wanaacha kazi. Kumbe neno lilikuwepo karibu miaka mia moja kabla ya dansi tunayoijua leo.

Hapa tuwe waangalifu. Kwa sababu Lingala ina neno «tango», na Kikongo kina «tangu» kwa jua na wakati, mtu anaweza kuruka na kusema: tazama, neno ni letu! Mwalimu wa historia hafanyi hivyo. Maneno mawili yanaweza kufanana bila kuwa ndugu, sawa na lile tango la saladi. Wataalamu bado wanabishana juu ya asili ya neno hili. Lakini kuna maneno mengine ambayo njia yake inaonekana vizuri zaidi. Milonga, muziki uliotangulia tango na kuilea, unafanana na neno la Kimbundu cha Angola, «milonga», lenye maana ya maneno au mabishano. Sisi tunaosema Kiswahili tunalo «kulonga», yaani kuzungumza. Na mtumishi wa kike wa nyumbani, huko Argentina, mpaka leo anaitwa «mucama», neno lililotoka Kimbundu vilevile.

Mwaka 1883 mwandishi mmoja wa Argentina, Ventura Lynch, aliandika kwamba milonga ilichezwa na vijana wa mitaa ya pembeni kwa kuwadhihaki watu weusi katika ngoma zao. Jambo hili linastahili kufikiriwa. Vijana walikwenda kuwacheka, wakaiga miguu na viuno, na kilichoanza kama dhihaka kikawa dansi ya mji. Wakati ule wageni wengi kutoka Italia na Hispania walikuwa wakishuka bandarini na nyimbo zao. Vikundi vya kwanza vya tango vilikuwa mara nyingi vya watu watatu: filimbi, fidla na gitaa. Baadaye kikaja chombo kutoka Ujerumani, bandoneoni, ndugu ya akordeoni. Kwa hiyo hatusemi kwamba tango ni ya Wakongo peke yao. Tunasema ni mtoto wa wazazi wengi, na mzazi mmoja alitolewa kwenye picha.

Hata wapiga muziki wenyewe wanashuhudia. Rosendo Mendizábal, mpiga piano mwenye asili ya Afrika, alitunga mwaka 1897 «El entrerriano», mojawapo ya tango za kwanza kabisa zinazojulikana pamoja na jina la mtungaji. Na Horacio Salgán, aliyezaliwa 1916 na kufariki 2016 akiwa na miaka mia moja, alikuwa mmoja wa wapiga piano wakubwa wa tango katika karne yote ya 20. Naye alikuwa na asili hiyohiyo.

3. Namna watu walivyofutwa

Sasa tazama hesabu nyingine. Mwaka 1887 mji wa Buenos Aires ulikuwa na watu 433.375. Walioandikwa kuwa weusi au machotara walikuwa 8.005 tu, hata si 2 kwa mia. Walikwenda wapi?

Vitabu vya shule vya huko vilijibu kwa urahisi: walikufa vitani, na waliobaki wakamalizwa na homa ya manjano ya mwaka 1871. Kuna ukweli ndani yake. Askari weusi walikuwa wengi katika jeshi la jenerali San Martín lililovuka milima ya Andes mwaka 1817, na wengi hawakurudi. Vita vya Paraguay, 1865 hadi 1870, vilikula wengine. Lakini si ukweli wote. Katika miaka ya 1870, watu weusi wa Buenos Aires walikuwa na magazeti yao wenyewe. Maiti haichapi gazeti! Wengi walioana na wageni, watoto wao wakaandikwa kwa jina lingine katika daftari la serikali. Nchi ilitaka kujiona ya Ulaya, basi karani aliandika kile ambacho nchi ilitaka kuona.

Muziki ulipita njia ileile. Karibu na mwaka 1913 tango ilipata sifa kubwa mjini Paris. Ilirudi kwao imevaa suti, na wale waliokuwa wakiionea haya sasa wakajivunia. Katika orkestra kubwa za miaka ya 1940 unakuta bandoneoni, fidla, piano na besi kubwa. Ngoma huioni. Mapigo yalibaki ndani ya mkono wa kushoto wa mpiga piano, lakini chombo chenyewe kilitolewa chumbani.

4. Watatu na ngoma yao

Hapo ndipo tunafika kwa Juan Carlos Cáceres. Alizaliwa Buenos Aires mwaka 1936. Alikuwa mpiga piano na trombone, mwimbaji, na tena mchoraji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alihamia Paris, na huko alifundisha watu historia ya tango. Mwaka 1998 alitoa albamu iliyoitwa «Tango Negro», yaani tango nyeusi. Baadaye jina hilo likawa la kundi la watu watatu, Tango Negro Trio: Cáceres kwenye piano, Carlos Buschini kwenye besi, na Marcelo Russillo kwenye ngoma.

Ona vizuri walichokifanya. Mtu anayetaka kufufua tango, watu wanamtegemea alete bandoneoni, maana ndiyo alama yake duniani kote. Hawa hawakuileta. Fidla pia waliiacha. Mahali pake waliweka ngoma, kile chombo ambacho orkestra kubwa zilikitoa. Cáceres aliimba kwa sauti nzito ya kukwaruza, bila kujipendekeza. Piano yenyewe aliigonga kama mtu anayekumbuka kwamba nayo ni chombo cha kupigwa. Walirudisha candombe, milonga ya zamani na muziki wa karnavali ya mitaani. Wengi walikuwa wamezoea tango ya huzuni. Hawa walionyesha ile ya kutoa jasho.

Mwaka 2013 mwana-filamu wa Angola, Dom Pedro, alitoa filamu juu ya mizizi ya Afrika katika tango, na Cáceres ndiye anayetuongoza ndani yake. Kwetu hilo lina maana kubwa. Mtoto wa Angola, nchi ambayo kwenye bandari zake wazee waliondoka wamefungwa minyororo, alifuata sauti yao mpaka ng'ambo. Cáceres alifariki mwaka 2015, na watatu wale hawako tena pamoja. Lakini kazi imebaki, tena nchi yenyewe ilikuwa imeanza kusogea: katika hesabu ya watu ya mwaka 2010, Argentina iliuliza tena swali juu ya asili ya Afrika, na watu 149.493 walihesabiwa kuwa na asili hiyo.

Darasani tulijaribu kitu kidogo. Tulipiga meza mapigo manane, tukiyagawa tatu, tatu, mbili. Ndiyo mapigo ya milonga na ya tango ya zamani, na ni nusu moja ya lile pigo la vijiti ambalo liko pia ndani ya rumba. Wanafunzi hawakuhitaji mazoezi. Walidakia mara moja, mpaka jirani wa darasa la pili akatuma mtu kuuliza kama tunafanya sikukuu.

5. Na sisi huku Goma

Msomaji anaweza kusema: hayo ni ya Argentina, yatusaidie nini? Rumba yetu, kwa bahati, ilipata njia nyingine. Ngoma zilizovuka kwenda Kuba zilirudi kwetu kwa sahani za santuri kuanzia miaka ya 1930, wazee wakazitambua, wakazichukua. UNESCO iliiandika tango mwaka 2009, na rumba ya Kongo tarehe 14 Desemba 2021. Tulisherehekea, na tulikuwa na haki.

Lakini rumba si muziki wetu wote. Mwaka 1956, kwa Wanyanga wa Walikale, mzee Shé-kárisi Rureke alisimulia na kuimba habari za Mwindo kwa siku kumi na mbili. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga mwenyewe, wakaitoa katika kitabu mwaka 1969. Leo Mwindo anasomwa katika vyuo vikuu vya ng'ambo, na jina la Rureke liko pale. Wale waliopiga candombe katika mataifa ya Kongo na Benguela, wengi wao hatujui hata jina moja. Tofauti ilikuwa mtu aliyekaa chini, akasikiliza, akaandika nani anaimba.

Mji wetu umepokea watu wa Masisi, Rutshuru, Walikale na kwingine, mara kwa mara, na vita vya miaka ya karibuni vimeongeza. Mtu akikimbia, anabeba mtoto, godoro na sufuria. Nanga inabaki ukutani, ngoma inabaki kwa chifu. Mzee aliyejua kuipiga anafika hapa na mikono mitupu, na wajukuu wake wanamwona kama mtu asiye na kazi. Akifariki, hata karani hahitaji kumfuta. Hakuwahi kuandikwa.

Kwa hiyo, kazi tuliyowapa wanafunzi wetu baada ya somo la tango haikuwa ya kuandika juu ya Buenos Aires. Kila mmoja alipewa ukurasa mmoja wa daftari: tafuta nyumbani au jirani mtu mmoja anayejua wimbo au chombo cha zamani. Andika jina lake kama yeye anavyolitamka, kijiji chake, chombo, na nani alimfundisha. Wengine walirudi na ukurasa mtupu. Wengine walirudi na kurasa nne. Msichana mmoja alituambia kwamba aliishi na nyanya yake miaka yote bila kujua kuwa aliongoza nyimbo za harusi katika kijiji chao. «Mwalimu, sikumuulizaka,» alisema.

Tunaomba wenzetu walimu wa shule nyingine wafanye hivyo nao. Daftari linatosha. Na ukurasa uanze na jina la mtu.