Walikombolewa, Kisha Wakarudi Kule Walikouzwa

Neno la kusoma: Kumbukumbu la Torati 15:12-17, 1 Petro 1:18-19

Neno «ukombozi» tunaliimba kila siku ya Mungu. Lakini wengi wetu tunalisikia kama neno la mbinguni tu. Babu zetu wa Katanga walilijua katika miili yao. Leo tuangalie historia yao, sababu ina fundisho kwa kila mtu aliyenunuliwa kwa damu ya Mwana-Kondoo.

Katika karne ya 19, nchi yetu ilikuwa soko la watu. Toka mashariki ilikuja misafara ya watu wa pwani, wakitafuta pembe za tembo na watumwa. Toka magharibi walikuja wachuuzi Waovimbundu wa Bié, kule Angola, na bunduki, baruti na vitambaa. Kule Bunkeya mfalme Msiri aliuza pande zote mbili, mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Baluba na Basongye wengi walikamatwa katika vita. Wengine waliuzwa na watu wa kwao wenyewe, kwa kulipa deni la ukoo. Toka Buluba mpaka Bié ni zaidi ya kilometa 1.000. Walitembea wamefungwa pamoja, na aliyeshindwa kutembea aliachwa porini. Bei ya mtu ilihesabiwa kwa bunduki na vitambaa.

Mtume Petro anatufundisha kwamba tulikombolewa si kwa fedha wala kwa zahabu, bali kwa damu ya Kristo. Mtu aliyewahi kubadilishwa kwa kitambaa anaelewa fundisho hilo mbio kuliko sisi tuliolisoma kwenye masomo ya Biblia.

Kule Angola kulikuwa wamisionere, na watumwa wengine walisikia Injili kwao. Walimwamini Yesu wakiwa bado mali ya mtu. Kisha, katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, utumwa ule ulivunjwa polepole na wengi wakafunguliwa. Hapo ndipo kila mmoja alipaswa kuchagua. Wengi walikuwa na nyumba, mashamba na watoto kule. Waliobaki hawakutenda zambi. Lakini wengine walifunga mizigo yao, wakashika njia ileile waliyopita wakiwa wamefungwa. Walirudi kwa ndugu waliowauza, wakiwaletea Habari Njema. Na waliomba Mungu atume watumishi kwa Baluba.

Katika mwaka wa 1915, Waingereza wawili, William Burton na James Salter, walifika Mwanza, katika nchi ya Baluba. Burton alikuwa injinia. Salter alikuwa kijana wa Preston. Mwenzao mzee Armstrong alikuwa amekufa njiani kwa homa, nao wenyewe waliteswa na ugonjwa. Hawakujua Kiluba. Kisha wale waliofunguliwa wakaja kwao. Wageni walikuwa na mahubiri bila lugha. Hawa walikuwa na vyote viwili. Kazi ile ikapewa jina la Congo Evangelistic Mission katika mwaka wa 1919, na leo tunaijua kama Communauté Pentecôtiste au Congo. Tukisema wazungu ndio walioleta Injili ya Pentekoste Katanga, tunasimulia nusu ya habari. Nusu ingine ilitembea kwa miguu toka Angola.

Kati yao alikuwa Shalumbo, Musongye. Yeye hakuwa tu mtu wa kuonewa: alikuwa amewinda watu na kupeleka watumwa. Mungu akamgeuza. Burton aliandika kitabu kizima juu ya mageuzi yake. Na Shalumbo alifanya nini na uhuru wa roho yake? Alirudi kwa Basongye, akawahubiri kwamba kuna Mkombozi. Basi damu ya Yesu ilimtosha mtu aliyeuzwa, na ilimtosha vilevile mtu aliyeuza.

Sasa fungueni Kumbukumbu la Torati 15. Mtumwa Mwebrania alitumika miaka sita, na katika mwaka wa saba alifunguliwa. Hakuondoka mikono mitupu. Alipewa wanyama, nafaka na divai. Lakini akisema hataki kuondoka kwa sababu anampenda bwana wake, sikio lake lilitobolewa mlangoni, naye akawa wake siku zote. Angalia vizuri: mlango ulikuwa wazi. Aliyebaki alishikwa na upendo, si na kamba. Huko ndiko kumtumikia Mungu kwa moyo wote. Hatujitoi ili tukombolewe. Tunajitoa kwa sababu tumekwisha kukombolewa.

Mpendwa, Mungu hakununua nusu yako. Mtu anafunga na kuomba siku tatu, lakini sokoni kopo lake la kupimia unga limegongwa chini ili lijae upesi. Mama anaimba katika kwaya, na mtoto wake amefungwa kamba ya mganga kiunoni. Baba anatoa fungu la kumi, lakini nyumbani hasemi na mke wake tangu mwezi mzima. Sikio la hao bado halijatobolewa.

Na kuna neno gumu zaidi. Katika nchi yetu yenye vidonda vya vita, wengi wetu tumeumizwa na watu tunaowajua kwa majina: jirani, kabila ingine, hata ndugu wa tumbo moja. Hakuna anayesema kidonda hicho ni kidogo, wala kwamba haki haihitajiwe. Lakini wale wa Angola walikuwa na sababu nzuri ya kutorudi tena, na walirudi. Kama wangechunga uchungu wao, vijiji vingi vya Buluba vingekawia kusikia jina la Yesu. Pengine kuna mlango mmoja ambao wewe peke yako unaweza kuufikisha Injili, sababu ni mlango wa yule aliyekuumiza.

Juma hili, kila mtu amtaje mbele ya Mungu mtu mmoja kama huyo, kwa jina lake, na aombe: «Bwana, ulininunua mzima. Ondoa woga wangu, onyesha njia, nami nitaenda.»

Bwana awabariki. Amina.