Vyombo Vikongwe vya Maziwa ya Katanga

Mji wa Lubumbashi hauna ziwa wala bahari, na mto ulioupa jina ni mwembamba, hauwezi kubeba chombo chochote cha maana; walakini tarikhi ya vyombo vya majini katika nchi hii haisimuliki bila ya mji huu, maana samaki wa maziwani waliletwa kuliwa hapa, na fedha ya kuvitengeneza vyombo ilitoka hapa. Mwaka 1915, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville na umri wake ungali mchanga, mashua 2 za vita za Kiingereza, Mimi na Toutou, zilipita juu ya mabehewa ya gari la moshi zikitokea Cape Town. Zikafika Fungurume, ambako reli ilikoma, zikakokotwa kwa mitambo ya mvuke na kwa ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikateremka Lualaba, hata mwezi wa Desemba zikatiwa katika Ziwa Tanganyika. Safari hiyo imesimuliwa sana, na kwa maoni yangu imesimuliwa kupita kiasi; lililo na faida zaidi kwa mtu apendaye elimu ya vyombo ni lile lililofuata.

Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka Kingani, chombo kidogo cha mvuke cha Wajerumani, nacho kimetobolewa na mzinga na maji yanaingia. Waliokiteka wakakipandisha, wakaziba tundu, wakakiita Fifi, na omoni wakaweka mzinga mkubwa kuliko ule wa asili. Hivi ndivyo wafanyavyo wanunuzi wa vyombo vikongwe hata leo: tundu likishazibwa, tamaa ya kuzidisha huja mbio. Mzinga ulipolia, Fifi ilikaribia kusimama majini kwa nguvu ya kurudishwa nyuma. Ilishinda, ni kweli, maana tarehe 9 Februari 1916 iliizamisha Hedwig von Wissmann, chombo kingine cha Wajerumani. Lakini kiwiliwili cha chombo kilikuwa kimekwisha toa shauri lake, na ni nadra shauri la kiwiliwili kusikilizwa.

Mfano wa pili ni wa subira. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika makasha yapata 5,000, na mwaka 1915 ikashushwa ziwani Kigoma. Wajerumani walipoona kwamba watashindwa, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe tarehe 26 Julai 1916, karibu na mlango wa mto Malagarasi, ila kabla ya kuizamisha mafundi walipaka mitambo yote mafuta mazito, kwa kuwa walitaraji kwamba ipo siku chombo kitahitajiwa tena. Wabelgiji waliiinua, ikazama mara ya pili. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Hata mitambo yake ya mvuke ilipobadilishwa kwa ya dizeli katika miaka ya 1970, miaka karibu 60 ilikuwa imepita tangu ile siku ya kupakwa mafuta.

Lakini chombo kilichowalisha watu wa Lubumbashi hakikuwa meli ya kifahari. Kilikuwa mashua ya Kasenga, mji mdogo ukingoni mwa Luapula, upande wa kaskazini-mashariki, safari ya zaidi ya kilomita 200. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa na maelfu ya wafanyakazi waliostahili posho, na baada ya muda wafanyabiashara wa Kigiriki walikaa Kasenga, wakawa na mashua za mota zilizozunguka Luapula na Ziwa Moero, zikinunua samaki kwa wavuvi wenye mitumbwi, wakawatia katika barafu, kisha malori yakawapeleka mjini. Samaki mwenye sifa alikuwa mpumbu, ambaye kila majira ya mvua hupanda mto kwenda kutaga, naye amejaa mayai. Wavuvi walimngojea papo hapo alipokuwa akipanda. Kufikia mwaka 1950 hivi alikuwa amepungua kiasi cha kuiangusha biashara yake, na watu wakamgeukia samaki mwingine aitwaye pale, ambaye nyavu za nailoni zilimnasa kwa urahisi tangu miaka ya 1950. Mashua zikabaki, zimetengenezwa kwa ajili ya samaki asiyekuwapo tena.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitatiwa mikononi mwa raia wa Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo. Kwa mashua lilikuwa jambo zito kuliko lilivyokuwa kwa duka, kwa sababu duka likifungwa mwezi mmoja linaweza kufunguliwa, ilhali mashua ikiachwa juani mwezi mmoja hukauka, mbao zikajikunja, na maungio yakaachama.

Hapo ndipo ustadi wa fundi unapojulikana. Adui wa ubao katika pwani ya bahari ni mdudu atobaye mbao chini ya maji, na kwa sababu hiyo mabaharia wa kale walikipandisha chombo, wakakibabua kwa moto na kukipaka shahamu. Ziwani mdudu huyo hayupo. Adui ni kuoza, kwa kuwa maji baridi hayana chumvi ya kuzuia uozo, na hasa maji ya mvua yanayotuama ngamani. Basi fundi hagusi rangi kwanza. Hugonga mbao moja moja kwa kipini cha nyundo na kutega sikio: ubao mzima hulia, uliooza huitika kwa sauti nzito. Kisha huchoma ncha ya kisu penye kiungo cha taruma na mkuku, na kisu kikizama pasipo nguvu, bei ya chombo huanza kushuka papo hapo.

Ubao mpya aghalabu ni wa mninga, ambao watu wa Luapula huuita mulombwa. Kazi ya kalafati ina hatari isiyoonekana. Mwenye haraka hujaza pamba na lami mpaka maungio ya mashua kavu yakaze kabisa, akafurahi. Chombo kikishushwa, mbao hunywa maji na kuvimba, zikakosa pa kwenda, zikasukumana hata misumari ikang'oka au taruma kupasuka. Fundi mzoefu huacha nafasi, hukishusha kingali kinavuja, hukifunga gatini na kuwaweka vijana wakumbe maji usiku kucha, mpaka mbao zijifunge zenyewe. Mwenye chombo asiyejua huona ameibiwa.

Mota nayo ina kisa kile kile cha Fifi. Mota kubwa ikifungwa katika mashua iliyoundwa kwa ndogo, tezi huzama, omo huinuka, na katika Moero, ambalo ni ziwa la kina kifupi lenye mawimbi mafupi makali, maji huingilia nyuma. Wavuvi wa chisense, samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa mwanga, wameongeza kitu chenye busara zaidi: karabai za mafuta ya taa zinaachwa, na taa za betri zinazochajiwa kwa jua zinashika mahali pake, nazo hazina uzito wa kumsumbua fundi. Kwa upande wa Zambia uvuvi hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na miezi hiyo ndiyo mashua hupandishwa ufukoni. Lakini ndiyo miezi ya mvua, lami haikauki, na mafundi hulazimika kujenga paa la nyasi juu ya chombo kabla ya kukigusa.