Mkono Uliopooza na Hesabu ya Marudio

Kiharusi, yaani maradhi yanayotokea damu inaposhindwa kufika katika sehemu ya ubongo au mshipa unapopasuka ndani yake, mara nyingi humwachia mgonjwa mkono mmoja uliolegea au uliokakamaa. Historia ya utengemao wa mkono huo, yaani jitihada za kuurejeshea kazi zake, imezunguka swali moja: mwendo urudiwe mara ngapi hata ubongo ujifunze upya kuuongoza?

Mwaka 1917, nchini Marekani, Robert Ogden na Shepherd Ivory Franz walionyesha kwamba tumbili waliopooza upande mmoja baada ya kujeruhiwa ubongo walipata nafuu zaidi walipofungwa mkono mzima na kulazimika kuutumia ule dhaifu. Miongo kadhaa baadaye Edward Taub alieleza sababu: mnyama huujaribu mkono siku za mwanzo, hushindwa, kisha huzoea kutoutumia hata pale uwezo unapoanza kurudi. Kutokana na hoja hiyo ilizaliwa tiba ambayo mgonjwa huvikwa glovu nene katika mkono mzima, huku ule ulioathirika ukifanyishwa mazoezi kwa saa nyingi kila siku kwa muda wa wiki mbili. Na jaribio la wagonjwa 222 lililochapishwa mwaka 2006 lilithibitisha kwamba tiba hiyo inashinda huduma ya kawaida. Hata hivyo, saa hizo zilihitaji mtaalamu aketi na mgonjwa mmoja, jambo ambalo kliniki nyingi hazikulimudu. Catherine Lang na wenzake walipohesabu mwaka 2009 yanayotendeka katika vituo vya Marekani na Kanada, walikuta wastani wa marudio 32 tu ya miendo ya kikazi ya mkono katika kipindi kimoja. Na wahenga walikwisha kusema kuwa chururu si ndo ndo ndo.

Pengo hilo ndilo lililoipa michezo nafasi. Katika chuo cha MIT, Neville Hogan na Hermano Igo Krebs walikuwa wameunda roboti inayoushika mkono wa mgonjwa na kuusaidia kufikia shabaha kwenye skrini, lakini mashine hiyo ilibaki hospitalini. Mwaka 2002 David Reinkensmeyer na wenzake wa California walieleza mfumo uliotumia kijiti cha bei nafuu cha kuchezea michezo ya kompyuta, kilichounganishwa na tovuti iliyotoa mazoezi na kuweka kumbukumbu ya maendeleo, hivyo mtu aliweza kufanya mazoezi akiwa kwake. Baadaye zikaja mashine ya michezo ya Nintendo Wii mwaka 2006 na kamera ya Kinect mwaka 2010, ambayo ilisoma mwendo wa mwili wenyewe, kiasi kwamba hata kiganja kisichoweza kushika kitu kiliweza kupiga kasia la mtumbwi wa kwenye skrini.

Matumaini hayo yalipimwa. Jaribio lililoongozwa na Gustavo Saposnik, lililochapishwa mwaka 2016, liligawa wagonjwa 141 kati ya wale waliocheza Wii na wale waliocheza karata, bingo au mpira, na makundi yote mawili yakapata nafuu bila kupitana. Mwaka 2019 Steven Cramer na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 124 waliopewa vipindi 36 vya dakika 70, wengine kliniki na wengine nyumbani kwa michezo, ambapo nusu ya vipindi ilisimamiwa na mtaalamu, kwa wa nyumbani kupitia video. Kwa kipimo cha Fugl-Meyer, chenye alama 66 kwa mkono, wa nyumbani walipanda alama 7.86 na wa kliniki 8.36, tofauti isiyotosha kuifanya nyumba kuwa duni.

Matokeo hayo mawili yakisomwa pamoja, hubainika kwamba mchezo wenyewe si dawa, bali ni chombo cha kuyafanya marudio yavumilike, na kwamba karata zilizomo sebuleni zinaweza kuifanya kazi hiyo pia. Ambacho sebule haikuwa nacho ni kipimo cha mazoezi kilichopangwa, na mtu wa kuuliza kesho yake kama kimetimizwa.