Ami, mkanda huu wafaa kukwelea? Namna ya kuchagua mkanda wa kukalia juu ya mti



Mwezi uliopita kijana wa jirani yangu, ambaye riziki yake ni kuangua nazi na kupunguza matawi ya miembe, alinijia barazani na simu mkononi. Alikuwa amepiga picha ya mkanda wa rangi ya chungwa katika duka la vifaa vya ujenzi. Akaniuliza, "Ami, mkanda huu wafaa kukwelea? Bei yake naiweza." Nikamwambia aziweke pesa zake kwanza. Makala haya ndiyo jibu langu kamili, kwake yeye na kwa wenzake wote, kuanzia Vanga hadi Lamu.

Aliniuliza mimi kwa sababu kwa miaka kadhaa nilisimamia bustani za hoteli moja ya ufuoni. Minazi ya hoteli lazima ianguliwe mapema, nazi zisije zikamwangukia mgeni kichwani. Siku moja mkwezi wetu alikaa juu karibu nusu saa akiwa amevaa mkanda wa aina ile ile ya picha. Aliposhuka hakuweza kusimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi yote miwili. Alhamdulillahi alishuka mwenyewe. Angezirai kule juu, hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua namna ya kumteremsha. Tangu siku ile nimelifuatilia jambo hili kwa makini.

Kudaka si kukalia

Mkanda unaouzwa sana katika maduka ya ujenzi una pete mgongoni. Kazi yake ni moja: kumdaka mtu anayeanguka kutoka kwenye jukwaa au paa. Haukutengenezwa ili mtu aukalie akifanya kazi. Ukining'inia nao, pete ya mgongoni hukuinamisha mbele, mti huufikii vizuri, na uzito wote hubebwa na tepe nyembamba mbili zinazopita chini ya mapaja. Tepe hizo hubana mishipa, damu hukwama miguuni. Mtu anayening'inia hivyo bila kusogeza miguu anaweza kuzirai katika muda wa dakika chache, na akizirai huku ameshikwa na mkanda, maisha yake yako hatarini.

Wapo pia wanaotumia mkanda wa kiunoni peke yake, ule wa zamani wa wapanda nguzo. Huo hufaa maadamu miguu ndiyo inayobeba uzito. Miguu ikiteleza, mkanda hupanda hadi mbavuni na kukaba pumzi.

Mkanda wa kukalia, ambao wakata miti wa nchi nyingine huufananisha na tandiko la farasi, una sehemu nne. Kuna mkanda mpana wa kiuno wenye sponji. Kuna mikanda miwili ya mapaja, mipana pia, au kibao cha kukalia. Kuna pete mbili za ubavuni, moja kila upande, za kufungia kamba inayouzunguka mti. Na mbele, usawa wa kitovu, kuna pete au kamba fupi ambayo kamba kuu ya kupandia hufungwa hapo.

Soma lebo iliyoshonwa ndani. Kwa mikanda inayofuata viwango vya Ulaya, tafuta namba mbili: EN 358, yaani mkanda wa kujishikiza mahali pa kazi, na EN 813, yaani mkanda wa kukalia. Ukiona EN 361 peke yake, huo ni wa kudaka anayeanguka. EN 12277 ni wa wapanda milima. Ni mwepesi na mzuri kwa kazi yake, lakini mara nyingi hauna pete za ubavuni na tepe zake huanza kukata nyama ukikaa muda mrefu. Usio na lebo kabisa uache dukani.

Ukae vipi mwilini

Mkanda mzuri kwa mwenzako waweza kuwa adhabu kwako, kwa hivyo usinunue kwa kuambiwa. Uvae juu ya nguo zako za kazi, kisha angalia mambo haya.

Kiuno: mkanda ukae juu kidogo ya mifupa ya nyonga. Ukiwa chini ya mifupa hiyo, utateleza na unaweza kukupindua kichwa chini. Ukiwa juu mno, utabana mbavu. Ukishaukaza, ncha ya tepe ibaki na urefu wa kutosha kupita kwenye bakoli. Kama umefika mwisho kabisa, saizi hiyo ni ndogo kwako. Kama pete za ubavuni zimerudi mgongoni au zimekuja tumboni, saizi si yako.

Mapaja: kiganja kilicholala bapa kipite kati ya tepe na paja, lakini ngumi isipite. Ikilegea mno, ukikaa itapanda hadi kwenye kinena, na mwanamume hahitaji kuelezwa zaidi maumivu hayo yakoje. Chagua mkanda ambao kila paja hurekebishwa peke yake.

Sponji: nene si lazima iwe bora. Kwa joto letu na jasho letu, sponji nene isiyopitisha hewa huchubua ngozi na kukauka polepole. Upana wa mkanda ndio unaogawa uzito. Sponji ni nyongeza tu.

Kibao cha kukalia: humfaa anayekaa mahali pamoja kwa muda mrefu, kwa mfano anayepunguza upande mmoja wa mwembe. Lakini ukipita katikati ya matawi hunasa. Mikanda ya mapaja hukuacha huru zaidi.

Jaribio la robo saa

Hakuna mkanda unaoweza kuujua kwa kusimama nao mbele ya kioo. Mwombe mwenye duka mahali pa kuning'inia, au ufunge kwenye tawi nene ukiwa futi moja tu kutoka chini, na mtu awe kando yako. Kaa dakika 15, miguu isiguse ardhi.

Dakika za kwanza mikanda yote ni mizuri. Ikifika ya kumi ndipo ukweli unapoonekana. Vidole vya miguu vikianza kuwasha au kufa ganzi, mapaja yamebanwa. Ukijikuta wapinduka nyuma na kulazimika kuvuta kamba ili ukae wima, pete ya mbele iko chini mno kwa umbo lako. Kiuno kikikuuma upande mmoja, mkanda haujalingana. Jaribu pia kugeuka kushoto na kulia, kuinua goti hadi kifuani, na kunyoosha mkono kama unayefikia karara. Mkwezi hakai kama abiria, anafanya kazi.

Muuzaji akikataa usijaribu, tafuta mwingine. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma, lakini hapa chagua tu, usione haya.

Mnazi si mwembe

Mnazi hauna matawi ya kufungia kamba. Kwa hivyo anayefanya kazi ya minazi atazame zaidi pete za ubavuni: ziwe za chuma imara, zisilale bapa kwenye mkanda, na zifikike kwa mkono bila kutazama. Kamba ya kuzungushia mti iwe na urefu unaorekebishika, maana mnazi ni mnene chini na mwembamba juu. Ukifika kileleni, izungushe mara mbili au uikaze kama kitanzi kwenye shina, ili miguu ikiteleza kamba isikuporomoshe nayo. Kamwe usijifunge kwenye kuti. Kuti linaloonekana bichi leo huenda likachomoka na uzito wako.

Ni vyema uwe na kamba mbili za namna hiyo. Ukipita mahali ambapo lazima ufungue moja, ya pili iwe imeshafungwa. Vilevile ukitumia msumeno wa injini juu ya mti wowote, uwe umefungwa mara mbili, na mojawapo iwe kamba yenye waya wa chuma ndani. Msumeno hukata kamba ya nailoni kufumba na kufumbua.

Mwembe, mwarobaini na mkungu ni mambo mengine. Hapo kamba kuu hupitishwa kwenye tawi imara juu yako, na sehemu ya mbele ya mkanda ndiyo inayobeba uzito. Mfanya kazi ya miti hii atafute mkanda wenye kamba fupi ya mbele inayobadilishwa ikichakaa, maana ndiyo inayosuguliwa zaidi.

Na vidato? Wazee wetu walivikata na vikatusaidia. Lakini mnazi haufuniki jeraha lake kama mwembe unavyofunika. Kidato hubaki tundu la maji na wadudu. Viatu vya misumari huleta madhara hayo hayo. Mkanda mzuri pamoja na kamba ya miguuni hupunguza haja ya vyote viwili.

Mitumba, chumvi na umri

Najua wengi watauliza habari ya mitumba. Shati la mtumba halina neno. Mkanda wa mtumba una historia usiyoijua: pengine umeshawahi kumdaka mtu, pengine ulimwagikiwa asidi ya betri, ambayo hula nailoni bila kuacha alama kubwa. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10 kwa vifaa vya nyuzi hata vikitunzwa vizuri, na kwa mtu anayekwea kila siku huisha mapema zaidi.

Sisi wa pwani tuna maadui wawili zaidi: jua na chumvi. Jua hudhoofisha nyuzi. Ukiona rangi imepauka na tepe imekakamaa, jua limekula. Chumvi hutafuna chuma, hasa springi za karabina. Osha mkanda kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na sabuni laini, uanike kivulini, uutundike mbali na petroli, oili na panya. Kabla ya kila kazi upitishe vidoleni kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzi wa mshono ukikatika, tepe ikichanika au kuungua, au pete ikipinda, ukate vipande kabisa ili mwingine asiuokote na kuutumia.

Neno kwa wenye mashamba na hoteli

Mkanda wa kweli ni ghali kuliko ule wa rangi ya chungwa, na mkwezi hulipwa kwa mti. Tusimwambie ajinunulie halafu tumpunje bei. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wanaomfanyia kazi, na ipo pia sheria ya mwaka huo huo kuhusu fidia kwa wanaoumia kazini. Lakini hata bila sheria, nazi zako haziwezi kuwa na thamani kuliko uti wa mgongo wa mtoto wa mwenzako.

Na asikwee mtu peke yake. Chini awepo mwenziwe anayejua kukwea, mwenye mkanda wake na kamba ya ziada, na waliokwisha kufanya mazoezi ya kumshusha aliyekwama. Hilo ndilo tulilolikosa hotelini siku ile.

Wapo watakaosema babu zetu walikwea kwa miguu mitupu na kumtegemea Mungu. Ni kweli, na wapo walioanguka ambao hatuwataji. Tumefunzwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali.

Yule kijana hakuununua mkanda wa picha. Anaweka akiba, na jirani zake watatu wenye minazi, mimi nikiwa mmoja wao, tumekubali kumwongezea. Ukifika, ataujaribu kwenye mwembe wa nyumbani kwangu, robo saa, futi moja kutoka chini. Nitakaa naye pale pale nikihesabu dakika.