Ramani ya mtandao: nani alipima, nani alikisia?

Ukiingia kwenye tovuti ya kampuni ya simu, mara nyingi utakuta ramani ya nchi iliyopakwa rangi. Penye rangi, tunaambiwa, pana mtandao. Sasa ichukue ramani hiyo uende nayo kijijini, kwenye vile vijiji ambavyo kila mtu anajua kwamba ukitaka kupiga simu lazima upande juu ya kichuguu nyuma ya shule. Ramani inasema kijiji kizima kimo ndani ya rangi. Kichuguu kinasema vingine. Nani mkweli?

Swali hili lina umri wa zaidi ya miaka hamsini, na historia yake ina mambo. Ila kuna kitu kimoja nataka ukishike tangu mwanzo: rangi kwenye ramani ya mtandao hupatikana kwa njia mbili tu, kupima au kukisia. Ramani nyingi ni mchanganyiko wa vyote viwili, na hilo si kosa. Shida huanza pale makisio yanapovishwa nguo za vipimo.

Tokyo: kutoka barabarani hadi kwenye kanuni

Kwenye kitabu cha fizikia mambo ni mepesi. Mawimbi ya redio yakisafiri pasipo na kizuizi chochote, ukizidisha umbali mara 10, nguvu unayoipokea inapungua mara 100. Lakini mjini kuna maghorofa, miti, mabati na magari. Mawimbi yanagonga, yanajipinda, yanarudi nyuma, yanakutana na wenzao. Mara yanasaidiana, mara yanauana.

Katika miaka ya 1960, mhandisi Yoshihisa Okumura na wenzake wa shirika la simu la Japani, NTT, waliamua kutoka ofisini. Waliwasha mitambo ya kurushia mawimbi, wakapakia vipokezi kwenye gari, wakazunguka Tokyo na maeneo ya jirani wakirekodi nguvu ya mawimbi mtaa kwa mtaa, kwa masafa ya kuanzia megahezi 450 hivi hadi zaidi ya 1,900. Kazi yao ilichapishwa mwaka 1968, na moyo wake ulikuwa michoro. Mhandisi aliyetaka kujua mnara wake utafika wapi alifungua mchoro, akafuata mkondo, akasoma jibu.

Kompyuta haisomi mchoro kwa macho. Mwaka 1980, Masaharu Hata akaigeuza ile michoro kuwa kanuni chache za hesabu. Ukiipa urefu wa mnara, masafa ya mawimbi na umbali, inakurudishia kiasi cha nguvu kilichopotea njiani. Kwa mnara wa mita 30 mjini, kanuni ya Hata inasema ukitoka kilomita 1 kwenda kilomita 10, nguvu inapungua zaidi ya mara 3,000. Linganisha na zile mara 100 za kitabuni! Kanuni hiyo iliingia kwenye programu za kupangia minara duniani kote, na mpaka leo wanafunzi wa uhandisi wa mawasiliano wanaikariri.

Hebu tusimame kidogo hapa. Kanuni hii ni mtoto wa vipimo vya Tokyo. Ukiitumia Tokyo, utakuwa karibu na ukweli. Ukiitumia kwenye mabonde ya Usambara bila kuigusa, ni sawa na kumuuliza mgeni habari za mtaa ambao hajawahi kuukanyaga. Ndiyo maana wahandisi makini hupima kwanza kwenye eneo lao, halafu wanairekebisha kanuni ikubaliane na vipimo. Anayeiruka hatua hiyo bado atapata ramani, tena ya rangi nzuri tu. Huwezi kuona kwa macho kwamba kuna hatua imerukwa.

Milima inaingia kwenye kompyuta

Mwaka huohuo wa 1968, katika mji wa Boulder, Colorado nchini Marekani, Anita Longley na Phil Rice walitoa njia ya kompyuta ya kukadiria mawimbi juu ya ardhi yenye vilima na mabonde. Wenyewe walijali zaidi sura ya nchi: kati ya mrushaji na mpokeaji kuna kilima gani, na mawimbi yatapitaje juu yake?

Njia hiyo ina njaa moja kubwa. Inataka kujua mwinuko wa ardhi, na kwa sehemu kubwa ya dunia hakukuwa na takwimu za mwinuko zilizo wazi na za kina cha kutosha. Mambo yalibadilika Februari 2000, pale chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipoizunguka dunia kwa siku 11 kikipima kwa rada mwinuko wa takriban asilimia 80 ya nchi kavu. Mwanzoni, takwimu zilizotolewa kwa umma kwa maeneo ya nje ya Marekani zilikuwa na nukta moja kila mita 90 hivi. Zile za mita 30 zilianza kufunguliwa mwaka 2014, na Afrika ilikuwa ya kwanza kupewa.

Maana yake nini kwako? Maana yake mwanafunzi wa Dodoma au Bujumbura mwenye laptopu ya kawaida anaweza kupakua programu ya bure kama Radio Mobile au SPLAT!, akasimamisha mnara wa kufikirika juu ya Uluguru, na kuona mawimbi yanaangukia wapi na milima inatupa kivuli wapi. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya mashirika makubwa.

Lakini usisahau: hayo bado ni makisio. Nukta za kila mita 30 haziioni nyumba yako, wala hazijui kama ukuta wake ni wa tofali au wa udongo.

Laptopu, antena na GPS ndani ya gari

Mwaka 1997 kilitoka kiwango cha kwanza cha kile tunachokiita leo Wi-Fi, na toleo la mwaka 1999 likakifanya kiwe na kasi ya kutumika kweli. Ghafla, mtu yeyote akaweza kununua "mnara" mdogo na kuuweka sebuleni. Hii minara midogo haikuwa kwenye ramani ya mtu yeyote.

Mtaalamu wa usalama wa kompyuta, Peter Shipley, alizunguka na gari eneo la Berkeley, California, akiwa na laptopu, antena na GPS, programu ikirekodi kila mtandao anaoupita. Alichokikuta kiliwashtua wengi. Mitandao mingi ilikuwa wazi kabisa, tena mingine ya maofisi. Mwaka 2001 Marius Milner akatoa NetStumbler, programu ya bure iliyompa kila mwenye laptopu uwezo kama huo, na mwaka huohuo ukaanza mradi wa WiGLE, unaokusanya vipimo vya watu wa kawaida kutoka kila pembe ya dunia.

Siri ya kazi hii ni rahisi. Ruta ya Wi-Fi hainyamazi. Kwa kawaida, takriban mara 10 kwa sekunde inajitangaza: "Jina langu ni fulani, anwani yangu ni hii." Programu inachofanya ni kusikiliza tangazo, kupima limefika na nguvu kiasi gani, na kuandika mahali ulipo.

Basi wenye maofisi, hospitali na maghala wakaona kwamba mbinu hiyohiyo inaweza kuwaonyesha ruta zao zikae wapi. Kampuni kama Ekahau ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 2000, zikaifanya biashara kamili. Unapakia mchoro wa jengo kwenye programu, unatembea, kila unapofika unabonyeza mahali ulipo, na programu inapaka rangi.

Hapa sasa twende taratibu, maana rangi zinadanganya watu wengi. Nguvu ya mawimbi inasomwa kwa dBm, namba yenye alama ya kutoa mbele yake. -50 ni nzuri sana, -67 wengi huichukua kama kikomo cha simu za sauti kwenye Wi-Fi, na -90 ni kama hakuna kitu. Kila inaposhuka kwa 3, nguvu imebaki nusu. Ukikaa na hesabu hiyo, angalia mambo matatu:

Kwanza, programu imepima pale ulipokanyaga tu. Ukipita koridoni bila kuingia vyumbani, rangi ya vyumbani ni makisio.

Pili, mwili wako umejaa maji, na maji yanameza mawimbi ya Wi-Fi. Ukiipa ruta mgongo huku umeshika simu kifuani, namba inabadilika.

Tatu, nguvu peke yake haitoshi. Ni kama harusini: MC unamsikia vizuri tu, lakini kama kila meza inapiga soga, hotuba inapotea. Ruta za majirani zikigombania chaneli moja, ramani itaonyesha kijani kibichi huku intaneti inakwama.

Kuna somo moja la pembeni ambalo haifai kulipita. Magari ya Google yaliyokuwa yakipiga picha za mitaa nayo yalirekodi mitandao ya Wi-Fi njiani. Mei 2010 kampuni ilikiri kwamba yalikuwa yamenasa pia vipande vya mawasiliano ya watu kutoka mitandao isiyofungwa, na mwaka 2013 ikakubali kulipa dola milioni 7 katika makubaliano na majimbo 38 ya Marekani. Kusikiliza tangazo la ruta ni kupima. Kusikiliza mazungumzo yanayopita ndani yake ni kitu kingine.

Marekani 2019: makisio yanapimwa

Turudi kwenye minara ya simu. Serikali ya Marekani ilikuwa imepanga mfuko wa dola bilioni 4.53 kupeleka mtandao wa kasi vijijini. Kujua vijiji gani vimekosa, mamlaka ya mawasiliano, FCC, iliomba ramani kutoka kwa kampuni za simu zenyewe. Ramani hizo zilikuwa za programu, yaani za kukadiria: kila palipopakwa rangi pangekuwa na kasi ya angalau megabiti 5 kwa sekunde, na hata ukingoni kabisa mwa rangi, uwezekano wa kuipata ungekuwa asilimia 80.

Watu wa vijijini walipoziona ramani hizo, wakashangaa. Katika jimbo dogo la Vermont, lenye milima na misitu, serikali ya jimbo ilimtuma mtumishi wake mmoja azunguke barabarani na simu sita ndani ya gari, akipima kampuni moja moja. Picha aliyorudi nayo haikufanana na ramani.

FCC nayo ikatuma watu wake. Walifanya majaribio 24,649 katika majimbo 12, wakiendesha karibu kilomita 16,000. Ripoti ilitoka Desemba 2019: kati ya majaribio yaliyofanywa garini, ni asilimia 62.3 tu yaliyofikia kasi ambayo ramani zilikuwa zimeahidi. Mpango wa mfuko ule ukawekwa pembeni, na mwaka 2020 bunge likapitisha sheria inayotaka ramani mpya ambazo hata mwananchi anaweza kuzipinga kwa vipimo vyake.

Umeona uzito wa jambo lenyewe? Kijiji kilichopakwa rangi kimakosa kinahesabiwa kuwa kimeshahudumiwa, na fedha zinapita zinaenda kwingine.

Na huku kwetu?

Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006. Kenya nayo ina mfuko wa kazi kama hiyo. Yote imewekwa kupeleka mawasiliano kule ambako biashara peke yake haifiki. Kwa hiyo swali la nani amepima na nani amekisia linatuhusu moja kwa moja.

Habari njema ni kwamba kipimo unacho mfukoni. Kwenye simu nyingi za Android, ingia kwenye mipangilio, tafuta habari kuhusu simu, kisha hali ya laini: utaiona nguvu ya mawimbi kwa dBm, si vile vijiti tu. Pima ndani ya nyumba na nje, asubuhi na saa mbili usiku wakati kila mtu yuko mtandaoni. Andika tarehe, saa, mahali, aina ya simu na laini uliyotumia. Kipimo kimoja ni hadithi. Vipimo mia vilivyoandikwa vizuri ni ushahidi ambao unaweza kuuweka mezani kwa diwani, kwa kampuni au kwa mamlaka.

Tahadhari ya mwisho. Zipo ramani zinazojengwa kwa vipimo vya umma, kama WiGLE kwa Wi-Fi au OpenSignal, iliyoanza mwaka 2010, kwa mitandao ya simu. Ni kazi nzuri sana, lakini vipimo vyake vinatoka kwa watu wenye simu janja na bando, tena walioweka programu hiyo. Ukikuta eneo jeupe kwenye ramani ya namna hiyo, huwezi kujua mara moja kama hakuna mtandao, au hakuna aliyewahi kupita hapo na kipimo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na njia ya kuyatenganisha ni moja tu: mtu aende pale, apime, aandike.