Misalaba juu ya mawe ya Lovo

Mara nyingi sisi wa Bukavu tunahesabu mwanzo wa imani tangu mapadri walipofika Kivu, karne ya 20 ikianza. Lakini inchi yetu ina ushuhuda wa zamani zaidi. Katika mawe ya Lovo, karibu na Mbanza-Ngungu, kuna mahali 102 penye picha za kale; 16 ni mapango. Wakongo walichora huko watu, wanyama na misalaba.

Je, ni misalaba ya Kristu? Tusijibu upesi. Mufalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491. Lakini Wakongo walikuwa na alama yao ya musalaba mbele ya ubatizo ule. Mingine ni ya desturi yao, mingine inafanana na ile ya kanisa.

Basi, mutu anayesema: «Ni mambo ya wapagani, yavunjwe», anaweza kuvunja pia kumbukumbu la wakristu wa kwanza wa Congo. Wachimba mawe ya chokaa wanatosha kuleta hasara. Sisi, tukifika penye picha za namna hiyo, tusiguse, tusiandike majina yetu. Tuwaulize wazee, tuandike maneno yao.